Mdoe na Maiti ya Nyumba Mbili

Mdoe hakuomba kazi ya mochwari. Aliajiriwa na hospitali ya Kwamzindi, njiani kati ya Korogwe na Handeni, afyeke nyasi na kuchoma taka, na kwa miaka kadhaa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Siku aliyofariki mhudumu wa mochwari wa wakati huo, mzee Castory, maiti yake ililala kwenye machela mlangoni pa jengo alilolitunza mwenyewe, na watumishi wakasimama mbali wakitazamana. Kila mmoja alikuwa na lake. Huyu ana mimba, yule ana kidonda mkononi, mwingine amekumbuka mgonjwa wodini. Mdoe akaweka fyekeo chini, akanawa mikono, akaingia. Alimwosha Castory kama alivyowahi kuona wazee wa kwao wakimwosha babu yake, akamvalisha suti iliyoletwa na binti wa marehemu, akamfunga tai vibaya kwa sababu hajawahi kuvaa tai maishani mwake. Kesho yake akakabidhiwa funguo.

"Kwa muda tu, Mdoe," katibu wa hospitali alimwambia.

Katibu yule alihamishwa. Akaja mwingine, naye akahama. Muda ule haujaisha mpaka leo, na Mdoe sasa ana mvi hadi kwenye nyusi.

Jengo lenyewe liko nyuma kabisa, ukishapita chumba cha kufulia na tanuri la taka, mahali ambapo mgonjwa aliyelala wodini hawezi kuliona dirishani. Lina milango miwili. Wa mbele unatazama wodi, na huo ni wa kuingilia. Wa nyuma unatazama barabara ya vumbi, na huo ni wa kutokea. Hakuna aliyewahi kuiandika sheria hiyo, lakini hata madereva wa magari ya kukodi wanaijua. Mbele pana baraza lenye mabenchi ya saruji, hapo ndugu husubiri. Kisha kuna chumba kidogo chenye pazia, ambamo mtu huonyeshwa uso peke yake ili aseme ndiye au siye. Kisha chumba cha kuoshea, chenye kitanda cha saruji kilichoinamishwa kidogo upande wa miguu, maji yapate kukimbilia kwenye mfereji. Mwisho ni chumba cha jokofu. Jokofu lina nafasi sita, ila milango ya mbili imeshika kutu na haifunguki, na zile zilizobaki zinategemea umeme, nao umeme wa Kwamzindi huja na kwenda upendavyo.

Humo ndani Mdoe hufanya yote. Hufunga taya kwa bendeji, hunyoa ndevu, huchoma sindano ya dawa maiti zinazosafirishwa mbali, hupaka mafuta nyayo zilizopasuka ili wanaokuja kuaga wasione aibu. Waislamu wa Sindeni wanataka maiti yao siku hiyo hiyo, na kama inawezekana saa hiyo hiyo. Wakristo huleta suti au gauni jeupe, kisha husubiri ndugu wa Dar. Siku alipofariki Mama Daxa, mama yake Kalpesh wa duka la vifaa vya ujenzi, kijana yule alikuja na sari imekunjwa kwenye karatasi, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba wao watampeleka Tanga kumchoma moto, na akauliza kama panapatikana maua. Mdoe akatoka nje akachuma yale ya kwenye ua wa hospitali, aliyoyapanda mwenyewe enzi za fyekeo. Kalpesh akayapokea kwa mikono miwili.

Lakini wanaoshukuru namna hiyo ni wachache. Watu wengi hawampi Mdoe mkono. Arusini huwekewa sahani yake peke yake, kwa heshima, wanasema. Mdogo wake wa tumbo moja hajawahi kula nyumbani kwake tangu alipopokea funguo zile. Mwanzoni ilimuuma. Siku hizi kinachomuuma ni mgongo. Kunyanyua mtu mzima asiyejisaidia, kutoka kwenye machela hadi kitandani, kutoka kitandani hadi kwenye jokofu, ni kazi ya watu wawili au watatu, naye kwa muda mrefu amekuwa mmoja. Aliletewa wasaidizi. Wa kwanza alikaa wiki, wa pili alitoka kwenda kunywa chai na hakurudi.

Ndivyo mambo yalivyokuwa wiki alipoletwa fundi Sabiri.

Fundi Sabiri alikuwa mshonaji. Kwa miaka mingi alikuwa ameweka cherehani yake barazani kwa Mzee Sadru, mwenye duka la vitambaa pale mjini, na hapakuwa na mtoto wa shule Kwamzindi ambaye hajawahi kuvaa kaptura aliyoishona. Alilazwa kwa ugonjwa wa moyo, miguu ikiwa imevimba, akafariki Jumatano jioni. Mdoe alimpokea, akamfumba macho, akamweka katika nafasi ya chini kabisa, ambako baridi hukaa zaidi. Alijua watu wake watafika asubuhi.

Walifika kweli. Walifika wa aina mbili.

Wa kwanza walikuja na pikapu kutoka Sindeni: mke mkubwa wa marehemu, mwanamke mrefu mkavu aliyejifunga kaniki, mwanawe Muhsin, mtu mzima mwenye watoto, na mjomba mmoja wa Muhsin mwenye sauti kubwa, ambaye ndiye aliyezungumza. Walisalimiana na Mdoe kwa Kizigua, wakauliza habari za nyumbani, kisha mjomba akasema wamekuja kumchukua mtu wao. Mdoe hajamaliza kuvaa glovu, basi dogo likasimama barabarani, wakashuka watu wa Magoma. Mbele yao alikuwa mke mdogo, mfupi, macho yamevimba kwa kulia, na kijana wake Ikram amemshika mkono.

"Mume wangu yuko wapi?" mke mdogo aliuliza.

Mke mkubwa aliyekuwa amekaa benchi la upande wa kulia aligeuza uso akatazama ukuta.

Kumbe fundi Sabiri alikuwa na nyumba mbili, na nyumba hizo hazikuwahi kukutana. Aliondoka Sindeni Muhsin akiwa bado mdogo, hakutoa talaka, akaoa Magoma, na mjini alilala kwenye chumba cha kupanga, mwisho wa wiki akienda Magoma. Sindeni walimwona sikukuu, tena si kila sikukuu. Sasa kila upande ulikuwa umeshachimbisha kaburi.

Maneno yalianza kwa adabu, yakaendelea bila adabu. Mjomba alisema mtu huzikwa kwenye makaburi ya baba zake. Watu wa Magoma walisema mtu huzikwa na waliomuuguza. Mjomba akauliza ni nani aliyewaita. Mke mdogo akasema marehemu mwenyewe alitamka, kabla hajazidiwa, kwamba azikwe Magoma. "Alimtamkia nani?" mjomba akauliza. "Alinitamkia mimi," mke mdogo akasema. Mjomba akacheka kicheko kibaya.

Katibu wa hospitali aliitwa. Alisikiliza pande zote mbili, akatoa kauli kwamba maiti haitoki mpaka ndugu wakubaliane, akarudi ofisini. Basi wakakaa. Sindeni upande wa kulia wa baraza, Magoma upande wa kushoto, na katikati yao mlango wa Mdoe. Kila alipotoka kuchota maji, pande zote zilimtazama kama yeye ndiye aliyemficha mtu wao.

Adhuhuri ya Alhamisi umeme ulikatika. Jenereta ya hospitali hulisha chumba cha upasuaji na wodi ya wazazi, mochwari haimo. Mdoe akaziba nyufa za milango ya jokofu kwa mablanketi, akamwagia sakafu maji, akaenda kwa katibu.

"Joto hili, katibu, halitaniruhusu," alisema. "Mwambieni mmoja wao akubali."

"Vumilia, Mzee Mdoe. Mimi nikimpa huyu, yule atanipeleka mahakamani."

"Mimi ninavumilia. Maiti ndiyo haivumilii."

Katibu alikunjua viganja, kama kusema hana la kufanya. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa kijana na alikuwa anaogopa. Mdoe akarudi zake. Jioni umeme ukarejea, ukakaa, alfajiri ukaondoka tena. Alipofika kazini Ijumaa aliwakuta watu wale wale kwenye mabenchi yale yale, wamelala wameegemeana, wengine wamejifunika khanga. Alipofungua mlango wa jokofu, pua yake ilimwambia kwamba leo ndiyo mwisho.

Mzee Sadru alikuwa amefika mapema, ameshika fimbo, na chini ya kwapa ana bunda la kitambaa cheupe. Alikuwa amekata sanda mwenyewe dukani, pamoja na kafuri na udi kwenye mfuko wa karatasi.

"Fundi ameshona barazani kwangu mpaka nimezeeka," alimwambia Mdoe. "Leo mimi nimekata kitambaa, na hakuna wa kushona."

"Sanda haishonwi, Mzee Sadru."

"Najua. Nasema tu."

Mdoe alipokea lile bunda. Alitoka barazani, akasimama katikati. Mgongo ulikuwa umemkamata tangu alipoinuka kitandani, na usiku hakupata usingizi wa maana. Hakuwa na hotuba. Hakuwa na hamu ya kupatanisha mtu yeyote. Alichokuwa nacho ni kazi ambayo mikono yake miwili isingeiweza.

"Muhsin," aliita. "Na wewe, Ikram. Njooni ndani."

"Wanaenda kufanya nini?" mjomba akauliza, akianza kusimama.

"Kumwosha baba yao. Azikwe Sindeni, azikwe Magoma, lazima aoshwe, na mimi siwezi kumnyanyua peke yangu. Mnaweza kuendelea na mazungumzo."

Ndugu wale wawili walitazamana, pengine kwa mara ya kwanza. Muhsin akavua viatu. Ikram naye akavua.

Ndani, Mdoe aliwapa aproni na glovu, akawaonyesha pa kushika: huyu mabega, yule magoti, yeye katikati. Wakamlaza fundi Sabiri juu ya saruji na kumfunika kitambaa kutoka kitovuni hadi magotini, kama inavyotakiwa. Ikram hakujua pa kuweka mikono. Mdoe akampa kopo la kumiminia maji, maana mtu wa namna hiyo ni afadhali apewe cha kushika.

Walianza upande wa kulia. Mdoe aliwaelekeza kwa maneno machache: mimina hapa, taratibu, geuza. Kwenye kidole cha shahada cha marehemu palikuwa na sugu ngumu, palipogusa sindano miaka yote. Muhsin alipitisha kitambaa pale mara mbili, akaendelea. Walipofika miguuni aliusimamisha mkono. Kwenye muundi wa mguu wa kushoto palikuwa na kovu pana, lililokunjamana, la zamani.

"Hili ni langu," Muhsin alisema.

Ikram alimtazama.

"Nilikuwa mdogo. Nilivuta waya wa redio, ukainasa pasi ya mkaa mezani, ikaanguka. Aliweka mguu isiniangukie mimi."

"Sisi alituambia aliungua na bomba la pikipiki," Ikram alisema.

"Hajawahi kumiliki pikipiki."

"Najua. Hata sisi tulikuwa tunashangaa."

Mdoe aliendelea kuosha vidole vya miguu, kimoja kimoja. Alikuwa amesikia mengi mle ndani. Watu huongea zaidi mbele ya maiti kuliko mbele ya kadhi.

Baada ya kitambo Muhsin aliuliza, "Hii miguu ilianza kuvimba lini?"

"Tangu mfungo uliopita. Mimi nilikuwa namkanda kwa mafuta ya nazi kila akija. Alikuwa hapendi, anasema namfanya mzee." Ikram akamwangalia kaka yake. "Nyinyi hamkuambiwa anaumwa?"

"Hatukuambiwa."

"Alisema atawaambia akipona."

Muhsin alitingisha kichwa polepole. Alichukua kafuri kutoka kwa Mdoe, akaipaka mahali alipoonyeshwa: paji la uso, viganja, magoti. Kisha akauliza bila kuinua macho, "Ni kweli alitamka azikwe kwenu?"

Ikram aliliweka kopo chini. Maji yalikuwa yanadondoka mferejini.

"Mimi sikumsikia," alisema. "Mama ndiye anayesema. Siwezi kumwita mama yangu mwongo. Ila najua kitu kimoja. Mama hana kwao. Wazazi wake walikuwa manamba wa mkonge kule Mazinde, walikufa, hajui hata walipotoka. Pale Magoma jina lake ni mke wa fundi. Fundi akizikwa kwingine, yeye anabaki nani?"

Walimkausha baba yao, wakaikunjua sanda ya Mzee Sadru, wakamfunga, Mdoe akiwaelekeza mafundo. Uso waliuacha wazi kwanza. Kisha Muhsin akavua glovu, akatoka, akachuchumaa mbele ya mama yake. Mdoe alikuwa mlangoni anafuta jasho, akasikia yote.

Mwanamke yule mrefu alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho. "Mimi huyu nilishamzika zamani," alisema. "Nilimzika nikiwa naye hai. Nilichotaka ni wewe na watoto wako mjue kaburi lilipo. Ukilijua liko Magoma, si umelijua?"

"Nimelijua, mama."

"Basi apelekwe Magoma, na mimi nitakwenda nikakae eda huko."

Mjomba aliruka. Alisema ukoo umedhalilishwa, alisema yeye si sehemu ya jambo hilo, akawaita wale aliokuja nao, na pikapu ikaondoka na vumbi lake. Wakabaki mama, Muhsin, na ndugu wawili watatu waliosita. Hapo ndipo walipogundua kwamba gari la kubebea maiti limekwenda, na basi dogo la Magoma halina nafasi. Mzee Sadru, aliyekuwa amekaa juu ya benchi na fimbo yake, akapiga simu dukani, akaagiza kanta, lile lori dogo la mizigo, ije, ifagiliwe vizuri.

Mke mdogo alimwendea mke mkubwa, akasimama mbele yake akivutavuta ncha ya khanga.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba."

"Kwangu godoro ni moja."

"Nitalala mkekani. Nimezoea."

Maiti ilitoka kwa mlango wa nyuma, katika jeneza la msikiti, kabla ya swala ya Ijumaa, wapate kumsalia njiani. Muhsin alishika mbele, Ikram nyuma. Wake wawili walipandishwa mbele pamoja na dereva, na kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo walilazimika kukaa wamegusana mabega, kila mmoja akitazama upande wake. Kanta ikageuza, ikashika barabara. Hakuna aliyekumbuka kumuaga Mdoe, isipokuwa Ikram, ambaye alinyoosha mkono ampe akiwa juu ya gari, gari likaondoka kabla haujamfikia. Mzee Sadru aliondoka kwa miguu, taratibu, akipumzika kila kivulini.

Mdoe alirudi ndani. Alimwaga dawa kwenye kitanda cha saruji, akasugua, akasuuza, akasukuma maji hadi mferejini. Akaanika aproni tatu mahali ambapo kwa kawaida huanika moja. Kisha akaenda kwa katibu, akamwambia maiti imetoka na watu wamepatana.

"Al-hamdulillahi," katibu alisema, akishusha pumzi. "Nilijua utaweza, mzee."

"Sikuweza. Ndiyo maana niliwaita. Huyo msaidizi wangu anakuja lini?"

"Mwezi ujao, Mungu akipenda."

"Mwezi ujao," Mdoe alirudia. Hakuwa na nguvu ya kuuliza mwezi ujao wa mwaka gani.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado liko juu ya migomba. Mkewe, Mwanaidi, alikuwa ameshaweka ndoo ya maji ya moto uani, na majani ya mlimao yakielea ndani yake. Mdoe alioga muda mrefu, akavaa msuli safi, akakaa kibarazani, mgongo ameuegemeza ukutani. Mwanaidi akaleta ugali na mlenda, akakaa naye, wakala sahani moja kama walivyokula siku zote. Mdoe alimsimulia habari za fundi Sabiri kwa mafupi, kwa maana hakuwa na pumzi ya kuzirefusha.

"Maskini yule mdogo," Mwanaidi alisema.

"Na yule mkubwa je?"

"Yule mkubwa hana umaskini. Yule ana hasira, na hasira humlisha mtu." Akamega tonge. "Na wewe hujawahi kusema."

"Kusema nini?"

"Unataka kuzikwa wapi."

Mdoe alifikiri. Kwao asili ni kule juu, ambako makaburi ya wazee yako kwenye kilima, na njia yake huteleza masika.

"Popote," alisema, "ila pasiwe na mlima. Sitaki watu waumie migongo."

Mwanaidi alimtazama kuona kama anatania, lakini mumewe alikuwa ameshafumba macho, tonge bado liko mkononi. Mwanaidi alilitoa polepole katikati ya vidole vyake, akalirudisha kwenye sahani, akaifunika asije akaingia nzi, akamwacha alale.